Kabari za Ndege Isiyokuwapo

Kabari huwekwa ndege ikishafika. Hilo halina mjadala. Ndege inasimama, mapanga ya injini zake yanatulia, ndipo mtu anachukua vile vipande vya mti vilivyochongwa pembe tatu na kuvibananisha mbele na nyuma ya magurudumu isije ikateleza. Mwenye akili zake haweki kabari mahali patupu.

Lakini asubuhi moja ya mwaka hamsini na tisa, Kificho alipofika kazini kwenye kiwanja cha ndege cha mji wa Chake, alizikuta kabari zimepangwa kwenye maegesho mapya, kwa nafasi ileile ya magurudumu, na ndege hakuna. Jana yake alizifungia bandani mwenyewe, na ufunguo alilala nao. Akadhani ni mzaha wa Jaribu, mtu wa mafuta, maana Jaribu hakuwa akiweza kutuliza mdomo wake wala mikono yake. Akaenda kuziokota huku akijiandalia maneno ya kumwambia. Alipofika ndipo alipoyaona majani. Kiwanja kizima kilikuwa cheupe kwa umande, ila hapo penye kabari palikuwa pakavu, na ule ukavu ulikuwa na umbo: kiwiliwili kirefu, mkia, na mabawa mawili yaliyonyooka hadi karibu na vigingi vya mpaka. Kitu kilikesha pale, na umande haukupata njia ya kufika chini yake.

Jaribu alipoitwa aliangalia, akasahau mzaha wake.

"Yakhe, mie sijagusa kitu," alisema. Akavuta hewa puani. "Mbona pananukia udi?"

Kweli palinukia udi, umechanganyika na petroli.

Maegesho yale hayakuwa na umri mrefu. Hapo kabla ndege zilisimama mbele ya banda tu, na zikikutana mbili mabawa yalikaribia kugusana, abiria wakipita katikati kama kuku. Bwana Nabhan, msimamizi wa kiwanja, akaamuru upande wa kusini ufyekwe. Huko kulikuwa na kichaka cha mzimu: jiwe lenye shimo, chupa za marashi, na vitambaa vyekundu na vyeupe vimefungwa matawini. Vibarua walisita. Bwana Nabhan alikuwa mtu wa haki asiye na subira. Alisema bawa la ndege halijui kukwepa kichaka. Alitaka vigingi virefu vyenye vitambaa kandokando ya maegesho, ili rubani aone mwisho wa bawa lake na abiria waone wasipopaswa kuvuka. Vigingi alikuwa navyo, vitambaa hana. Ndipo Kificho akatoa rai ambayo kila mtu aliiona ya adabu: vitambaa vya mzimu visitupwe, vifungwe kwenye vigingi. Mwenye mahali, yule pepo wa kichaka, ataona hakudharauliwa, na kazi itakwenda. Hata watu wazima miongoni mwa vibarua waliitikia kwa kichwa.

Ndivyo walivyofanya, kwa heshima zote. Na hapo ndipo walipokosea.

Tangu asubuhi ile Kificho hakuwa na raha tena kazini. Jua la utosi, wenzake wakiwa wamekwenda kusali, alisikia injini ikinguruma pale patupu, ngurumo ya chinichini iliyopanda kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni, na akaona majani yakilala upande mmoja ilhali majani ya jirani yake hayatikisiki. Alianza kuzipokea ndege kwa hofu. Kazi yake ilikuwa kuzielekeza kwa bendera mbili za mkononi mpaka zisimame sawa, na sheria yake ilikuwa moja: asivuke mtu vitambaa mpaka mapanga yatulie, kabari zikae, naye Kificho apunge bendera. Katika hilo hakuwa na rafiki. Aliwahi kumrudisha nyuma hata mke wa mkubwa mmoja wa serikali, mbele za watu, na yule bibi akarudi.

Kwa hiyo Matano, mpagazi aliyeijua sheria ile kama jina lake, alipovuka na mfuko wa barua kichwani huku panga likizunguka, Kificho alimrukia na kumshika ukosi wa shati. Panga liliukwangua mfuko. Barua zikapeperuka kiwanja kizima. Kificho alimwaga maneno yasiyoandikika, naye Matano alimtazama kama anayemtazama mwongo.

"Si wewe uliyenipungia?" alisema. "Panga limesimama, kimya, ncha zake naziona. Wewe ulikuwa kule chini ya bawa, unaniita. Sasa huyu aliyenishika nyuma ni nani?"

Kificho akaanza kuziokota barua. Tangu siku ile usingizi ulimpotea, kwa sababu moja. Mkewe Mwatima alikuwa na mimba, na kabla ya hiyo zilikwisha kuharibika nyingine, na sasa alikuwa ameanza kuona damu. Daktari wa Chake alisema hapelekwi Unguja kwa meli, mawimbi yatammaliza. Aende kwa ndege, alale hospitali mpaka ajifungue. Wiki ileile. Maana yake Mwatima angevuka vitambaa vile kwa miguu yake.

Akaenda Mgogoni kwa Bi Mize, aliyeurithi mzimu ule kwa mama yake na kuutunza mpaka ulipofyekwa. Bi Mize hakumkaribisha kitako. Alimsikiliza akiwa mlangoni, mkono kiunoni, na alipofika kwenye habari ya vitambaa akafumba macho.

"Mwanangu, vile si pambo," alisema kwa sauti ya chini. "Vile ni ua wake, uzio wa nyumba yake. Vikizunguka kichaka, anakaa kichakani. Nyinyi mmevizungusha pahala pote pale mnapopitisha watu, na hamkumchinjia. Kila aingiaye sasa kaingia nyumbani mwake, na yeye ana njaa."

Akasema atakuja siku ya Ijumaa na mbuzi, avivue vitambaa mwenyewe na kumtafutia mwenye mahali kichaka kingine. Kabla ya hapo asiviguse mtu, maana anayeondoka na kitambaa anaondoka na mwenye mahali. Ila likiwa la kufa na kupona, basi king'olewe kigingi na kiachwe papo hapo chini. Ua ukivunjika nguvu zake hupungua, walau kidogo.

Ndege ya Mwatima ilikuwa Alhamisi. Kificho akamwomba Bwana Nabhan ndege isimame mahali pa zamani, mbele ya banda. Bwana Nabhan akamwonyesha kwa kidole: palikuwa na ndege nyingine mbovu inayongoja kipuri, haina pa kusogea. Hakucheka. Alisema tu, polepole, kwamba yeye naye husikia ile ngurumo, na kwamba hana pengine.

Alhamisi jua liliwaka sana. Ndege ilitua, ikaja, Kificho akaielekeza mpaka pua ikafika panapotakiwa, akaisimamisha kwa bendera zake. Mapanga yakapunguza mwendo, yakatulia. Kimya. Aliziona ncha zake, kila moja peke yake. Akainama kuchukua kabari, na alipoinama akayaona majani nyuma ya bawa yamelala chini yakitetemeka kama yanayokandamizwa na upepo mkubwa, na kanzu ya mtu aliyesimama mbali bandani inapepea, na udi ukamjaa puani, na alipoinua macho akamwona Mwatima ameshavuka vitambaa, mkono tumboni, anakuja moja kwa moja kwenye lile panga kwa mwendo wa mtu aliyeitwa na mumewe, wifi yake Moza nyuma akipanua mdomo bila sauti yoyote kutoka, kwa sababu chini ya bawa alisimama mtu mwenye kofia ya Kificho na shati la Kificho, anapunga bendera, anatabasamu, na majani aliyoyakanyaga hayakulala hata moja. Kificho akapiga ukelele asiusikie mwenyewe, akajua hatamfikia mkewe kwa mbio, akageuka, akakikumbatia kigingi kilichokuwa karibu, akakivuta kwa nguvu zote alizozaliwa nazo mpaka kikatoka na udongo wake.

Sauti ikarudi kwa mpigo. Injini zote mbili zilikuwa zinaunguruma, hazikupata kuzimwa. Rubani baadaye aliapa alikuwa bado anangoja ishara ya kuzizima. Mwatima, mkono mmoja tu kutoka kwenye panga, alianguka chaliii kwa mshindo wa ule upepo, vumbi likamfunika, na mpaka injini zizimwe na vumbi litue hapakuonekana kitu. Lilipotua alikuwa amekaa chini ya bawa, mzima, buibui lake limefungwa vizuri. Kificho alibaki pale kigingini, hakuthubutu kumsogelea. Ni Moza na Jaribu waliompandisha Mwatima ngazi, na ndege ikaondoka naye.

Ijumaa Bi Mize alikuja. Mbuzi alichinjwa pale penye kabari, vitambaa vikavuliwa kimoja kimoja na kuwekwa ungoni. Kwenye kile kigingi kilichong'olewa hapakuwa na kitambaa. Wakatafuta majanini, hakuna. Kificho akasema bila shaka panga lilikimeza. Bi Mize akaondoka na ungo wake bila kuaga. Asubuhi iliyofuata umande ulikuwa mweupe kiwanja kizima, na asubuhi zote baada ya hiyo.

Mwatima alirudi na mtoto wa kiume, mnene, asiyelia. Nyumba ilijaa watu mchana kutwa. Walipotawanyika, Kificho aliingia chumbani kumwangalia mwanawe. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda chake kidogo cha kamba, amevingirishwa kitambaa chekundu kilichopauka kwa jua, na pembeni kilikuwa na mkunjo wa mahali kilipofungwa kigingini.

"Hiki umekipata wapi?" aliuliza.

Mwatima alishangaa. "We mwanamme, si ulinifunga kiunoni mwenyewe, pale vumbini, uliponiinua? Ukaniambia nisikivue, nije nimvike mtoto."

Harufu ya udi ilikuwa imejaa chumbani. Kificho akainama kukivuta kile kitambaa, na hapo akaiona miguu ya kitanda. Ilikuwa imebanwa na kabari, mbele na nyuma.