Doti Isiyoshika Maji

Soko la Magongo lilikuwa limefurika watu, na katikati yao kijana mmoja amesimama juu ya kreti ya soda, anammwagia mwenzake juisi ya ukwaju kifuani. Shati la mwenzake lilikuwa jeupe, likabaki jeupe. Juisi iliteleza kama maji juu ya jani la jimbi. Dama, fundi cherehani aliyekuja kununua uzi tu, akasimama kutazama. Kusimama kule ndiko kulikomponza.

Kijana aliitwa Kiponda. Alisema dawa iliyo chupani mwake ni ya nano, ina chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na kwamba kazini kwao, karibu na uwanja wa ndege, huyapulizia magari ya watalii yakang'aa na kukataa vumbi. Akaomba leso ya mteja mmoja ajaribu.

"Leso isiyoshika maji," Dama akamwuliza, "nitaifua na nini?"

Watu wakaangua kicheko. Kiponda akashuka kwenye kreti. "Hutaifua, dada. Wewe utaivaa, mimi nitatazama."

Yalikuwa maneno ya sokoni, lakini yalimwingia. Kijana alikuwa mrefu, ovaroli ya buluu imemkaa vizuri mabegani, na fundi yeyote huanza kumpenda mtu mabegani. Haukupita muda akamletea doti ya leso za manjano alizozipulizia mwenyewe, eti mvua isimguse. Dama naye akajibu kwa njia ambayo mtaani kwao haihitaji tangazo: akaanza kumfulia. Kila Jumapili baada ya kanisa, ovaroli ya Kiponda ilianikwa kwenye kamba ya kina Dama, majirani wakaiona, wakaelewa. Maji ya kufulia alimwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba. Mchicha wangu wakujua kuliko mama yangu, alimwambia kwenye simu, na Kiponda akacheka hadi akakohoa.

Kisha ikaja Jumapili isiyo na ovaroli. Kiponda alisema imeshafuliwa. Jumapili iliyofuata, vivyo hivyo. Dama alipouliza imefuliwa na nani, akaambiwa aachane na hayo. Simu zikawa fupi, hadi ikaja ile iliyomchoma.

"Dama, ile doti. Naomba unirudishie."

"Wasemaje?"

"Nitakununulia nyingine, kipenzi. Ile nirudishie."

Mwanamume akikudai kikombe, ni uchoyo. Akikudai doti aliyokupa kwa mkono wake, amekuacha. Lau Kiponda angekuwa na dada hata mmoja, angeambiwa. Dama alishinda akiharibu mishono ya watu, anashona na kufumua, roho haitulii. Mwisho akavaa gauni lake la kitenge lenye mikono ya puto, akapaka wanja, akaitia doti ndani ya mfuko, akaenda kumtupia usoni.

Kazini kwa Kiponda, pale kwenye kuoshea magari, kontena la kupulizia lilikuwa limefungwa, na jua la mchana linawaka. Walilifunga makusudi, vumbi la malori ya bandari ya Kipevu lisinase kwenye dawa mbichi. Dama akagonga. Mlango ukafunguka, ukatoka ukungu wenye harufu ya rangi ya kucha, na nyuma yake Kiponda, kitambaa kimefungwa mdomoni. Alipomwona akarudi nyuma.

"Usinisogelee."

"Nani akufulia, Kiponda?"

"Hakuna. Nafua mwenyewe."

Ndipo akamweleza. Nyale, yule wa shati jeupe, alitolewa mbio ndani ya kontena hilo hilo akitafuta pumzi, na sasa yuko hospitali na mpira wa oksijeni puani. Daktari alisema chembe za ukungu ule hufika ndani ya mapafu kusikofika vumbi la kawaida. Je, zamdhuru anayefua nguo? Je, udongo, mboga, kaa wa mikokoni yanakoishia maji machafu? Daktari alikiri kwamba utafiti haujakamilika. Nguo ikishakauka huenda haina neno. Hilo "huenda" ndilo lililomnyima Kiponda raha, akaizuia ovaroli na kuidai doti.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Umekula mchicha ule, Dama. Mama amekula."

Hasira ikampanda upya, ya aina nyingine. "Nami nikadhani ni mwanamke. Mwanamke ningemkabili. Na wewe wajua yote hayo, na bado wapuliza."

Kiponda akasema anatafuta pesa za kadzama, mtungi wa mnazi wa kumpelekea baba yake Dama, maana bila mnazi ule hakuna uchumba.

"Baba atakunywa na nani? Na picha yako ukutani?"

Akavuka barabara, akaketi kwenye kibanda cha mahamri, machozi yakiharibu wanja. Kutoka pale alimwona Kiponda akimkabidhi mwenye kazi mtambo wa kupulizia, akioga bombani, akivaa shati kuukuu, akiitia ovaroli ndani ya mfuko. Simu ikalia.

"Naweza kusogea?"

"Una kazi?"

"Sina tena."

"Mnazi utauleta lini?"

"Dama, nimekwambia sina kazi."

"Nimesikia. Nimeuliza mnazi."

Malori yakapita kati yao. "Jumapili," Kiponda akasema. "Hata kama ni wa kuazima."

"Basi vuka."

Akavuka. Dama akaitia doti kwenye mfuko uleule wa ovaroli, wakaufunga mafundo mawili, kisha wakatazamana. Wakiutupa jaani utachomwa, na moshi watauvuta wengine. Ufukweni kuna kaa wa watu. Wakiuzika, utakuwa pamoja na mizizi ya mchicha, na mchicha wenyewe Dama alishaamua kuung'oa, wala hakujua atautupa wapi.

Walioana. Nyale alifika kanisani, akipumzika kila hatua chache. Mfuko ungali unaning'inia kwenye msumari nje ya nyumba yao, na Dama huupita kila asubuhi akienda kufungua duka, akiwa bado hajapata wa kumwambia autupe wapi.