Mgeni wa Saba wa Taraivini

Taulo zilizotoka kabatini asubuhi ile zilikuwa sita. Taraivini alizitoa kwa mkono wake, akawagawia wageni sita wa nyumba yao ya wageni, akafunga kabati na kuurudisha ufunguo shingoni, maana kwa ubahili wa taulo mwanamke huyo hana mwenzake kisiwani. Adhuhuri, wageni waliporudi kutoka kupiga mbizi, akaanika saba.

Akahesabu tena. Saba. Ile ya saba ilikuwa yake kweli, yenye pindo alilolishona mwenyewe. Ilikuwa nzito kwa maji ya chumvi, na ilinuka mafuta ya nazi yaliyochacha na nguo ya magome, harufu anayoijua kila aliyewahi kukesha kando ya maiti.

"Wifi, hata taulo zinakushinda?" Kelera, dada wa mumewe, alikuwa barazani anakuna nazi. Mdomo wa Kelera haujawahi kupumzika tangu aote meno. "Au umeshaanza kuonja yangona ya wageni?"

"Nilitoa sita."

"Basi moja imezaa. Hongera."

Hapo mumewe, Inosi, akapanda kutoka ufukweni, miwani ya kuzamia begani, uso unamng'aa kama bwana harusi. "Tarai, ungeona leo! Kasa watatu! Samaki wamejaa mpaka wanawagonga wageni kifuani. Yule mama wa Nyuzilandi amelia kwa furaha."

"Umewapeleka wapi?"

"Mwambani kwa Ratu Vuniani."

Taraivini akamkazia macho, taulo mkononi. Mwamba ule ulifungwa tangu Ratu huyo, yaani mkuu wao, afariki. Ni desturi yao: mkubwa akifa, bahari yake hupumzishwa usiku mia moja, wala hakuna anayetia humo ndoana wala kidole cha mguu, hadi kijiji kizima kiingie pamoja kwa nyavu na nyimbo.

"Mia imetimia jana," Inosi alisema, akiona macho ya mkewe. "Nimefunga fundo kwenye kamba kila usiku. Wageni wanaondoka Jumamosi, nikaona nisingoje ngoma za watu. Kosa liko wapi?"

Mbuzi ya Kelera ikanyamaza. "Kaka, fundo la kwanza ulifunga lini?"

"Usiku ule ule aliokufa."

"Watu huhesabu tangu alipozikwa."

Mtaona ni ujinga, lakini si ujinga. Pale kijijini mtu akifa leo huzikwa kesho kutwa, na usiku mmoja au miwili haijawahi kugombanisha mtu. Ila Ratu Vuniani alilala siku kumi na moja kwenye friji ya hospitali mjini, akimngoja mwanawe apate ndege kutoka Australia. Inosi aliendelea kufunga mafundo yake, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

"Kumi na moja bado," Kelera alinong'ona, na safari hii hakucheka. "Umeingia chumbani kwa mtu angali amelala. Tena na wageni."

Alasiri wageni wakataka yangona, kinywaji cha mizizi kinacholevya, kama walivyoahidiwa. Wakaketi mkekani kwa duara, na Inosi akakamua mizizi ndani ya bakuli la mti. Nafasi ya juu, ile ya heshima, iliachwa wazi. Inosi akampa wa kwanza kifuu chake; akanywa, wote wakapiga makofi matatu ya viganja vilivyopindwa kama bakuli, kama walivyofundishwa. Po, po, po.

Na kutoka ile nafasi ya juu, pasipo na mtu, yakajibu mengine. Mazito, ya polepole, kama mtu anayepiga makofi ndani ya maji.

Wageni walifurahi sana. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Yule mama wa Nyuzilandi aliinama kutazama chini ya mkeka, akauliza kwa kicheko ni nani aliyejificha, na Taraivini, aliyesimama mlangoni na sahani ya ndizi, aliona mkeka wa nafasi ile unalowa taratibu, doa linatanuka kwa umbo la makalio ya mtu mnene aliyekunja miguu. Halafu akaona jambo baya zaidi: mumewe akajaza kifuu, akatambaa kwa adabu, macho yamemtoka kwa hofu, mikono ikienda mbele kana kwamba si yake, akakiweka pale mbele ya doa. Akakirudisha kikiwa kitupu.

"Si mimi, Tarai," alimwambia baadaye jikoni, sauti haifiki hata kwenye mafiga. "Mikono ilikwenda yenyewe."

Alipokohoa, maji yalitoka. Taraivini akayagusa kwa ulimi. Chumvi.

Jumamosi wageni sita walipanda boti, wakapunga mikono mpaka wakapotea. Wa saba hakupanda. Kila adhuhuri doa lilirudi mkekani, na kila mlo ulipotengwa, Inosi aliitengea sahani nafasi ya juu kabla hajamega tonge. Mchungaji aliitwa. Aliomba vizuri, aliimba beti zote, kisha akapewa chai, akapiga funda moja, akatema, akakumbuka ghafla kwamba ana kikao kijiji cha pili. Hata kofia aliisahau.

Ndipo wakaenda na jino la nyangumi, zawadi ya kuombea msamaha, kwa Ratu Jope, mdogo wa marehemu. Inosi aliingia akitambaa, jino limeshikwa kwa mikono miwili, Taraivini na Kelera nyuma yake. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Hakukaripia. Alilipokea jino, akalibusu, machozi yakamtoka.

"Sisi tulio hai tumekusamehe, mwanangu."

"Na yeye, Ratu?"

Mzee aligeuzageuza lile jino. "Ulimkuta amelala, ukampeleka kwako. Umemkalisha juu, umempa kifuu. Ni mgeni wako sasa. Mgeni hafukuzwi, hilo unalijua kuliko mimi, wewe mwenye nyumba ya wageni. Huondoka mwenyewe akitaka."

"Atataka lini?" Taraivini hakuweza kujizuia, ingawa hakupaswa kusema mbele ya mkuu.

"Siku mwamba utakapofunguliwa kwa haki, labda atarudi kwake baharini. Hadi siku hiyo, binti yangu, mumeo asiguse bahari. Akiigusa, hutampata tena."

Zilibaki siku nane mwamba ufunguliwe. Taraivini alimfungia mumewe chumba cha nyuma, akahamishia kitanda chake mlangoni. Kelera alileta chakula, na mdomo wake ule uliozoea kuchokoza ukajitahidi.

"Kaka, wenzako wakifungiwa huwa wameiba nguruwe. Wewe umeiba nini, ushuzi?"

Inosi alitabasamu siku ya kwanza. Siku ya tatu alitabasamu akachelewa, kama mtu anayengoja kutafsiriwa. Siku ya tano hakutabasamu, aliketi tu akitazama ukuta uliokuwa upande wa bahari, na jasho lililomtoka lilikuwa na mchanga ndani yake, mchanga mweupe mwembamba ambao Taraivini aliufuta kwa kitambaa asubuhi na mchana na alasiri na ukarudi, na maji ya mfereji aliyomkogesha yalitoka matamu bombani yakafika mgongoni mwa mumewe yakiwa ya chumvi, na ngozi ya vidole vyake ikajikunja kama ya mtu aliyeshinda majini, ingawa mlango ulikuwa umefungwa, na komeo lilikuwa la chuma, na mke wake hakusinzia.

"Usiniache, Tarai," alisema siku ya saba, akimshika kifundo cha mkono. "Nasikia kama niko chini na wewe uko juu unaongea."

"Nimekushika."

"Shika sana."

Akashika. Alishika usiku wote huo mpaka kukapambazuka siku ya kufungua mwamba, na alfajiri alisikia mkono ule aliokuwa ameushika unapata joto, unakauka. Inosi akaketi. Ngozi kavu, macho meupe. Akatazama dirishani, akapiga miayo.

"Nina njaa," alisema.

Taraivini alilia kama mtoto. Alimkumbatia, akamnusa shingoni, hakunusa mafuta wala magome. Nje ngoma zilikuwa zimeanza, wanawake wakipita na nyavu vichwani, vicheko tele. Alimwachia mkono mmoja tu afungue dirisha upepo uingie, mwingine akaendelea kuushika.

Akamwona Kelera anapanda mbio kutoka ufukweni, sketi imelowa hadi kiunoni.

"Wifi! Mbona umemfungulia? Tuliambiwa asiguse maji!"

"Kumfungulia nani?"

"Kaka! Alikuwa mwambani kabla yetu sote. Tumemkuta katikati ya samaki, anatuita. Nimemwita, akanipungia. Anasema anataka kurudi nyumbani na hajui njia. Kisha akazama, na wanaume sita wamepiga mbizi na hawamwoni..."

Sauti ya Kelera ikakatika. Alikuwa amefika dirishani. Alikuwa ameona ndani.

Taraivini hakugeuka upesi. Alihisi vidole vilivyokuwa ndani ya vyake, vikavu na vyenye joto, vinambonyeza kwa upole, mara moja, jinsi mtu mkubwa anavyomwashiria anayemhudumia.

"Waambie waache kumtafuta," ilisema sauti ya mumewe, kwa lafudhi ya kizee iliyonyooka, ya mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuamrisha mara mbili. "Na wewe, mke wa Inosi, mihogo imeiva?"

Nyumba ile bado inapokea wageni, na wageni husifu sana ukarimu wa mwenyeji: mtu mpole, anayekula vizuri, asiyekanyaga maji. Kila maji yakipwa, Taraivini hutembea hadi ukingo wa mwamba, akachutama, akazungumza na bahari kwa sauti ya chini. Watu humwacha. Hukaa pale mpaka aitwe kutoka nyumbani. Akiitwa, huinuka akaenda.