Mkono wa Bibi, Mdomo wa Konsolata

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka Mlima Hanang, Konsolata alikuwa ameshakamua ng'ombe, amefagia zizi la ndama na kunywa maziwa yake. Kisha alikimbia kwenda shule. Hakuwa amechelewa hata kidogo. Alikimbia kwa sababu miguu yake haikujua mwendo mwingine. Wenzake wa darasa la sita walimtania kwamba hata kwenye foleni ya uji alikuwa anakimbia.

Bibi yake hakuwa na haraka na kitu chochote. Aliketi mbele ya nyumba juu ya ngozi ya ng'ombe na kushona. Kazi yake ilikuwa kushona sketi za ngozi ambazo wanawake wa Kidatoga huvaa wanapoolewa, zile zenye nyuzi nyingi nyembamba zinazoning'inia mpaka karibu na miguu. Alitoboa ngozi kwa msumari mkali, akapitisha uzi, akapanga shanga, akatazama, akafumua, akashona upya. Watu walitoka mpaka Basotu kumletea ngozi. Mwezi ule alikuwa anashona sketi ya Judith, dada yake Konsolata, aliyekuwa aolewe baada ya mavuno.

Siku hizo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na mashindano ya michezo ya shule za msingi yalikuwa yafanyike Babati. Mwalimu Yoakimu alimchagua Konsolata kukimbia mita mia nane. Tangu alipoambiwa, hakuwa na habari nyingine. Hata ng'ombe walikuwa wameshachoka kusikia habari za Babati.

Ndipo mvua za mwisho zikanyesha, na Bibi akateleza kwenye tope la zizi. Alitanguliza mkono wa kulia ili ajizuie, na mkono ukavunjika karibu na kiganja. Jirani aliufunga kwa vijiti, lakini ulivimba sana. Baba alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni upande wa Yaeda Chini, na mama alikuwa na mtoto mchanga. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Basi Konsolata akaambiwa, "Mpeleke Bibi hospitali. Wewe ndiye utakayemsemea."

Wakapanda basi pale Katesh. Njia nzima Bibi alikuwa ameushika mkono wake kifuani, wala hakulalamika.

"Shikamoo, daktari," Konsolata alisema walipoingia chumbani.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Daktari Gervasi. Muuguzi wetu anayejua Kidatoga yuko likizo, kwa hiyo nakutegemea wewe. Sikiliza vizuri, halafu umwambie Bibi yote."

Akainua kwenye mwanga wa dirisha picha ya mfupa aliyopigwa Bibi. "Mfupa umevunjika vipande, na vipande vimesogea. Hogo peke yake, ile plasta nyeupe mnayoijua, haitavishika. Kuna njia mbili. Ya kwanza, narudisha mfupa mahali pake, napitisha waya nyembamba za chuma kwenye ngozi mpaka kwenye mfupa, halafu nafunga hogo. Naweza kufanya hivyo kesho, na keshokutwa mkaenda nyumbani. Waya tutazitoa baada ya wiki sita. Ubaya wake ni kwamba mifupa ya wazee ni laini. Vipande vinaweza kusogea humo humo ndani ya hogo, na mkono unakaa muda mrefu bila kukunjwa."

"Na ya pili?" Konsolata aliuliza.

"Ya pili, napasua mkono na kukaza mfupa kwa kibati cha chuma na skrubu. Hicho kinashika zaidi, na mkono unaanza mazoezi mapema. Lakini nacho kina ubaya wake. Kidonda ni kikubwa zaidi, na wakati mwingine chuma husumbua kano za vidole. Tena vibati vya kipimo chake vimekwisha, kwa hiyo mtangoja hapa hapa mpaka wiki ijayo. Wagonjwa wengi, mwaka ukiisha, wa waya na wa kibati hulingana. Lakini si wote. Ndiyo maana nataka kujua Bibi anafanya kazi gani kwa mkono huu. Muulize."

Katika maneno yote hayo, Konsolata alibaki na mawili tu: wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo ilikuwa Babati!

Alimgeukia Bibi. Bibi alikuwa anamtazama mdomoni, anangoja. Konsolata hakumuuliza kitu. Alimgeukia tena daktari.

"Hafanyi kazi, daktari. Ni mzee tu, anakaa nyumbani."

Daktari alifikiri kidogo. "Kama ni hivyo, waya zitamfaa. Mwambie, kisha unipe jibu lake."

Konsolata alimwambia Bibi kwa Kidatoga, "Kesho atakuwekea waya ndogo kwenye mkono, halafu tunarudi nyumbani."

"Mbona ameongea maneno mengi kuliko hayo?"

"Madaktari wanapenda kuongea, Bibi."

Bibi akacheka pamoja na maumivu yake yote. "Haya, mwambie afanye hivyo."

Mtu angeweza kusema kwamba mtoto yule hakudanganya sana, alipunguza tu. Lakini alichokipunguza kilikuwa mali ya mwenzake, na mwenye mali hakuulizwa.

Konsolata alifika Babati na akakimbia vizuri. Akawa wa pili mkoa mzima! Aliporudi na medali, Bibi aliitazama, akaigusa kwa vidole vilivyotokeza kwenye hogo, akamsifu mbele ya majirani. Usiku ule Konsolata alitaka kufurahi akashindwa. Kila sifa ya Bibi ilimchoma.

Wiki sita zilipokwisha walirudi hospitali. Hogo lilikatwa, waya zikatolewa. Daktari Gervasi alimwomba Bibi ageuze kiganja juu. Kiganja kiligeuka kidogo, kikakwama. Picha ya mfupa ilieleza sababu: vipande vilikuwa vimesogea na kuungana vimepinda.

"Nasikitika," daktari alisema. "Mkono utalegea kwa mazoezi, lakini hautageuka kama zamani. Kwa mzee wa kukaa nyumbani si vibaya sana. Atashika kikombe, atavaa nguo zake."

"Anasemaje?" Bibi aliuliza. "Mwulize nitaanza lini kushona. Nikichelewa, Judith ataolewa na nini?"

Konsolata alitazama kile kiganja kilichokwama, kisha machozi yakamwagika. Akamwambia Bibi kila kitu: waya, kibati, kungoja, na lile swali la daktari ambalo alilijibu yeye. Halafu akamwambia daktari kwa Kiswahili, "Bibi anashona ngozi. Ndiyo kazi yake tangu ujana. Nilikuficha kwa sababu nilitaka kwenda kukimbia. Nisamehe."

Daktari alisema bila kumkaripia, "Ungesema anashona, ningewashauri mngoje kibati. Huenda nacho kingesumbua, siwezi kuapa. Lakini humu ndani Bibi hana mdomo mwingine ila wako. Unaposema nusu, mimi natibu mtu nisiyemjua. Anayemsemea mwingine hana ruhusa ya kuchagua maneno."

"Hakuna la kufanya?"

"Lipo. Naweza kuukata mfupa pale ulipopinda, nikaunyoosha na kuukaza kwa kibati. Huenda akashona tena, huenda asishone. Mwambie yote mawili."

Safari hii Konsolata alimwambia yote, mazuri na mabaya. Bibi aliuliza maswali mengi: ataumwa kiasi gani, atalala hapo muda gani, chuma kitatolewa au kitabaki. Konsolata aliyapeleka yote na kuyarudisha majibu yake, hata yale yaliyomtisha. Moyoni alikuwa anaomba Bibi akubali, maana akikubali, kosa lake lingefutika.

"Sitaki," Bibi alisema mwishowe. "Nimechoka kukatwa. Nitafanya mazoezi, na mwanamke mmoja wa Basotu anayejua kushona atamalizia sketi ya Judith."

Daktari alikuwa anangoja. Lingekuwa jambo dogo tu kusema, "Bibi anakubali." Konsolata alimgeukia.

"Bibi anasema hataki, daktari. Atafanya mazoezi."

"Sawa. Mkono ni wake," daktari alisema, akaanza kumwonyesha Bibi jinsi ya kukunja kiganja ndani ya maji ya uvuguvugu.

Walitoka nje, wakaketi kwenye benchi kungoja basi. Konsolata hakuthubutu kuinua macho. Bibi alimshika bega kwa mkono wa kushoto.

"Mkono umeniuma, mwanangu, lakini kuna kilichoniuma zaidi," alisema. "Mtu asimfanyie mwenzake uamuzi kwa kumnyima habari, hata akiwa anampenda. Ungeniambia yote siku ile, ukasema, 'Bibi, mimi nataka kwenda Babati,' ningechagua waya. Ningezichagua kwa ajili yako, nikijua ninachokupa."

Konsolata alilia mpaka basi likafika.