Saini Nane za Kikao Kisichofanyika

Ilikuwa mwaka 2009, katikati ya kiangazi. Jumatatu, saa tatu asubuhi, Mkuu wa Chuo alikuta mezani muhtasari wa kikao cha Kamati ya Ushauri ambacho hakikufanyika. Ulibeba saini nane, nao ulimshauri ampe mfanyabiashara mmoja mkahawa wa wanafunzi kwa miaka kumi.

Katibu wa kamati alimkaripia karani wa mikutano mbele ya wafanyakazi: "Mghushi mkubwa wewe!" Mama huyo, aliyepanga vikao kwa miaka ishirini na sita, alisimamishwa kazi papo hapo. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

Saa tano, mkaguzi wa ndani alifungua daftari la kuazimia majalada. Jalada la vikao vya kamati vya mwaka juzi lilikuwa limechukuliwa na dereva.

"Mimi?" dereva akacheka. "Mzee, nilitumwa tu na Katibu. Mimi hata gazeti naangalia picha!"

Mkaguzi akamwita karani, akamwonyesha kwenye muhtasari saini ya saba, ya mwakilishi wa wazazi. Ilikuwa imenyooka, haina doa.

"Hiyo ni ya zamani," mama akasema. "Bibi yule aliumia mkono mwaka jana. Siku hizi hutia dole gumba, na mimi ndiye humshikia kidau cha wino."

Orodha tatu za mwisho za mahudhurio zilimthibitishia: penye jina la bibi palikuwa na alama ya dole gumba.

Saa tisa alasiri, mkaguzi, Katibu na karani walikutana ofisini kwa Mkuu.

"Katibu, katika vikao vitatu vya mwisho, umehudhuria vingapi?" mkaguzi akauliza.

"Nilitoa udhuru."

"Vyote vitatu! Kazi yako aliifanya mama huyu. Ungeketi na bibi yule hata mara moja, usingenakili saini yake kutoka jalada la zamani."

Katibu alijifuta jasho. "Kamati ingekubali tu. Niliokoa muda."

"Na huyo wa mkahawa ni nani wako?" Mkuu akauliza.

"Shemeji yangu."

Mkuu aliusukuma mbali ule muhtasari kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayeondoa mzoga wa panya. "Unatia kichefuchefu. Kazi huna. Mama, rudi mezani kwako. Lakini kwanza, wafanyakazi wote waitwe."

Walipokusanyika, Katibu alinong'ona, "Nisamehe, mama."

"Sikusikia," karani akajibu. "Asubuhi ulinitukana korido nzima ikasikia."

Katibu alipaza sauti, akarudia tangu mwanzo.