Aliyeitika Jina la Chepyegon

Mtoto alinuka ugoro. Janeffer alimwogesha mara mbili, akafua shuka, akamnusa tena utosini. Harufu ilikuwa pale pale. Boma lao la Kiptere lilikuwa la watu wa kanisa, na mumewe Kipngeno hata sigara hakuwahi kushika.

Kipkurui alikaribia mwaka mmoja, na homa ilikuwa imemkalia miezi miwili. Malaria hakuna, taifodi hakuna, kifua safi. Daktari Makori wa Litein alipeleka damu Nairobi, na majibu yaliporudi aliyasoma mara tatu.

"Mama, kuna kitu kwa damu inaitwa haptoglobini. Ya mtoto iko juu sana."

"Huo ni ugonjwa gani?"

"Sio ugonjwa. Inapanda wakati mwili inapigana. Inaweza kuwa uvimbe, inaweza kuwa maambukizi, mahali tu huko ndani. Haituambii adui ni nani. Inatuambia vita iko."

"Na akishindwa?"

"Tutampata huyo adui kwanza."

Alipofika nyumbani alimkuta mzee mwembamba mezani, anakula ugali, sanduku la bati miguuni. Mama mkwe wake, Tecla, alikuwa amesimama ukutani, mkono mdomoni.

"Ni baba mdogo Chepyegon," Kipngeno alisema akicheka. "Ametoka Tanzania! Miaka ishirini na tatu, na sisi tulishamlilia!"

Janeffer alilikumbuka jina hilo. Kipkurui alipozaliwa, wanawake walijifungia naye ndani, Tecla akamwekea puani ugoro wa kuomba kwa jirani, akawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, ili yule anayetaka kurudi ndani ya mtoto aitike kwa chafya. Huitwa wafu tu. Lakini mtoto alikuwa mkaidi, majina yakaisha, na Tecla, mgongo ukimuuma na chai ikipoa, akachomeka la Chepyegon ambaye hakuna aliyewahi kuona kaburi lake. Mtoto akapiga chafya. Vigelegele vikapigwa.

Janeffer alimvuta mama mkwe nyuma ya jikoni.

"Kogo," alimwita kama wanavyowaita nyanya, "kama huyu ako hai, nani aliitika?"

"Nyamaza."

"Umeweka nani ndani ya mtoto yangu?"

"Nimesema nyamaza! Inatusikia."

Kesho yake mchana, mvua ikipiga mabati, walijifungia tena. Tecla alishika ugoro, akaanza majina upya, la babu, la baba yake babu, la shangazi aliyefia Merigi, na kwa kila jina mtoto alizidi kumkazia macho bila kupepesa, mwili wake ukiunguza kifua cha mama yake hadi Janeffer akatamani kumweka chini na akaona haya kwa kutamani hivyo, na harufu ikajaa chumba kizima ikawakaba koo, na jina la mwisho lilipotajwa ule ugoro ukapeperushwa kutoka kiganjani mwa Tecla na upepo ambao haukutikisa hata pazia, na kutoka koo lile dogo kikatoka kicheko kizito cha mtu mzima, cha mtu anayewachukia kwa sababu wamejaribu kumtoa kwake.

Tecla alikimbilia mvuani na hakukanyaga tena nyumba ile. Alimfungulia mlango yule asiyejulikana, akamwachia Janeffer kazi ya kuufunga.

Siku tatu baadaye homa iliisha. Kipngeno alishukuru Mungu kwa sauti. Janeffer alimpeleka mtoto Litein, damu ikatolewa, na sindano ilipoingia Kipkurui hakulia.

Majibu yalipokuja, Makori alitabasamu.

"Imeshuka, mama! Ya kawaida kabisa. Mwili imeacha kupigana."

Janeffer alimkumbatia mtoto. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Daktari, mwili inaacha kupigana ikishinda tu? Ama hata ikishindwa?"

Makori alicheka kidogo, akaona uso wake, akaacha.

"Kipkurui," Janeffer aliita. Mtoto hakugeuka. "Kipkurui! Mtoto yangu!" Hakugeuka.

Mtoto alikuwa akimtazama Makori. Taratibu alibana vidole viwili vitupu, akavipeleka kwenye tundu moja la pua, kisha la pili, akavuta pumzi kwa nguvu, na chumba kizima kikanuka ugoro.