Jiwe Lililotoa Povu

Pilipili aliyosaga shangazi na kuikamulia ndimu ilitoa povu, akamwaga beseni zima. Kesho yake akasaga nyingine, ikatoa povu tena, akaimwaga. Siku ya tatu alizibeba ndimu zilizobaki, akamrudishia aliyemuuzia, Mama Ndimu, rafiki yake wa miaka ishirini.

"Umezipaka dawa gani hizi?"

"Dawa? Jana nimewakamulia wajukuu zangu ndimu hizohizo, na bado wananisumbua. Angalia vyombo vyako."

"Umekula kwenye vyombo vyangu kila Ijumaa, leo ndiyo unaviona vichafu?"

"Basi Ijumaa hii sitakula."

Nyuma ya shangazi alisimama binti wa kaka yake, amebeba kikapu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Kokoto, kwa kuwa alikuwa mdogo na mgumu. Alijua ndimu hazina kosa.

Baba yake Kokoto alikuwa mchonga mawe. Wiki mbili nyuma, kipande cha jiwe kilimrukia jichoni. Daktari akamfunga macho yote mawili ili lile zima lisihangaike na kulisumbua lenzake. Siku zilezile jiwe la kusagia la shangazi likapasuka, na pilipili za kusaga alizouza kwa chupa ndizo zilizomlisha.

"Nenda kilimani ilikomwagika lava zamani," baba alimwambia Kokoto. "Lete jiwe jeusi lenye vitundu. Ulichonge mwenyewe, mimi nitasikiliza."

Kilima kilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Njiani kulikuwa na machimbo ya chokaa, na ukingoni palikuwa na jiwe la kijivu kizito, karibu jeusi, bapa kama lililoandaliwa. Kokoto akalipakia kwenye mkokoteni, akarudi.

Alipoanza kuchonga, baba aliinua kichwa. "Mbona linalia kama gogo? La lava hulia kama sufuria."

"Tindo imelegea mkononi, baba."

"Umelitoa kilimani?"

"Ndiyo, baba."

Jiwe lilipokwisha, akampelekea shangazi. Jioni ya ule ugomvi wa ndimu, Kokoto alikaa miguuni pa baba yake. Alikuwa amelia mpaka akachoka.

"Baba, jiwe la shangazi si la kilimani. Ni la machimboni."

Baba alinyoosha mkono. "Nipe bega lako," akasema. "Na umwite Mama Ndimu aje kwa shangazi yako. Mwambie mimi ndiye ninayemwita."

Uani kwa shangazi, wanawake wawili walisimama mbalimbali kama wadai mahakamani. Baba alipiga magoti, akalipapasa jiwe. Akalikwaruza kwa msumari, ukatoka unga mweupe. Akakamulia ndimu juu ya ule unga, akainamisha sikio.

"Njooni msikilize."

Jiwe lilikuwa linachemka kwa sauti ndogo, na povu likapanda. Kisha akakamulia ndimu ileile kwenye kipande cha lile la zamani lililopasuka. Kimya.

"Chokaa hii ni makombe ya viumbe wa baharini, yalilundikana chini ya maji yakashikana," alisema. "Ikikutana na uchachu, hutoa povu. Lava ni habari nyingine. Huko chini ya ardhi mwamba huyeyuka ukawa kama uji. Ukipoa hukohuko, hupoa polepole, chembe zake zikakua mpaka unaziona kwa macho. Ndiyo itale ile ya ngazi za shule. Ukimwagika nje hupoa haraka, chembe zinabaki ndogo mno, na gesi inaacha vitundu. Vitundu hivyo ndivyo vinavyosaga. Jiwe likilika, vingine vinafunguka, halipotezi makali."

Shangazi alimgeukia Kokoto. "Kwa hiyo nimewalisha watu chokaa?"

"Hujamlisha mtu. Ulimwaga," akasema Mama Ndimu. "Ukanimwaga na mimi."

Shangazi akatazama chini. "Nisamehe, dada."

Kokoto naye aliwaomba radhi, mmoja baada ya mwingine. Baba akamshika kichwa.

"Jua lilikuwa kali, najua. Ungeniambia umechoka, tungengoja kesho, hakuna ambaye angekufa. Jiwe la chokaa halina kosa, linajenga nyumba nzuri. Kosa ni kulibebesha kazi isiyo yake, kisha kulisemea uongo. Mimi sioni, mwanangu. Ninachokiona sasa ni kile unachoniambia."

Jumamosi Kokoto alipanda kilima mpaka juu. Jiwe la lava lilimchukua siku tano kulichonga, na baba alikaa kando akisikiliza kila pigo.

Uongo ule uligharimu mabeseni mawili ya pilipili, ndimu sitini, tindo moja iliyokatika ncha, na malengelenge saba kwenye viganja vya Kokoto. Uligharimu pia Ijumaa tatu ambazo Mama Ndimu hakuja kula. Ya nne alikuja.