Masika Wawili, Faili Moja

Mwaka 2014, Sylivia na mumewe Tsongo walikuwa na ofisi ndogo ya uchapaji nyumbani kwao Bwera, kwenye barabara ya kwenda Mpondwe, mpakani na Kongo. Sylivia alichapa barua na ripoti kwenye kompyuta ya sebuleni, yenye printa. Tsongo alitengeneza kadi kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma. Kompyuta ya tatu, kuukuu, ilikaa chini ya meza ikila vumbi. Tsongo akimaliza kadi, aliiweka kwenye flashi na kuileta sebuleni. Kutwa nzima flashi ilizunguka nyumba hiyo, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Kila Jumanne, kwa miezi mitatu, alikuja Nyanya Masika Rusi, mkunga mstaafu. Alikaa karibu na Sylivia akasimulia habari za ukoo wake: nani alimzaa nani, nani alivuka kutoka Kongo, nani amezikwa wapi huko mlimani. Sylivia alichapa papo hapo. Hakuna daftari lililoandikwa. Nyanya alitaka kitabu kidogo, wajukuu wake walioko Kilembe na Kampala wajue walikotoka. Alitaka kimalizike upesi, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoroka.

Jumanne ya mwisho alikuja amevaa nguo ya kanisani, kuchukua kitabu chake. Sylivia akafungua faili aliloliita Masika. Kwenye kioo yakatokea maua na pete mbili, na chini yake mwaliko wa harusi ya binti aitwaye Masika Enid. Akafunga, akafungua tena. Yaleyale. Akatafuta kwenye flashi, alikoweka nakala, huko nako ni maua. Kurasa arobaini na moja zilikuwa zimekwenda.

Alimwita mumewe kwa sauti iliyowafikia majirani. Tsongo alikuja anatabasamu, akaona kioo, tabasamu likakauka. Alikiri kwamba kadi ile aliichapisha juzi, na kwamba aliipa jina Masika. Alipokuwa anainakili, kompyuta ilimwuliza swali mara mbili, mara ya kwanza kwenye flashi, mara ya pili hapa sebuleni.

"Iliuliza nini?" Sylivia akasema.

"Iliuliza kama niweke hii mahali ya faili ingine ya jina moja."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nilisema ndiyo. Mteja alikuwa anangoja."

Nyanya alisimama polepole.

"Mimi ni Masika," alisema. "Kwa sisi Bakonzo, mutoto wa kwanza musichana ni Masika. Kila nyumba hapa iko na Masika. Nyinyi mumezaliwa Bwera. Hamujui hii?"

Akatoka bila kuaga. Mtu mzima wa hapa haondoki nyumbani kwa mtu bila kuaga, ila akiwa ameumizwa sana.

Tsongo akaanza kulalamika kwamba kompyuta ni mbovu. Hapo ndipo Sylivia alipowaka kweli. "Usiisingizie mashine. Mashine ilikuuliza, mara mbili." Siku mbili alimwekea chakula mezani, yeye akala jikoni. Lakini kilichomchoma zaidi hakukisema. Ni yeye aliyetangulia kuliita faili Masika, kwa uvivu tu wa kuandika jina la pili.

Siku ya tatu alimwendea jirani yao Ninsiima, aliyetunza kompyuta za ofisi moja ya kutoa mizigo forodhani Mpondwe. Ninsiima alijaribu programu ya kurudisha mafaili, akatikisa kichwa. Tangu siku ile ya kadi Tsongo alikuwa amepitisha picha za shule nzima kwenye flashi ile na kwenye kompyuta ya sebuleni.

"Kazi ikipotea, acha kutumia mashine palepale," alieleza. "Ukiendelea kuweka vitu, vinakaa juu ya kile unachotafuta. Hii haitarudi."

Sylivia alitaka kulia, akaona bora akasirike. Akauliza kwa ukali watafanya nini, jambo hili lisitokee tena. Ninsiima akavuta ile kompyuta kuukuu kutoka chini ya meza.

"Hii itakuwa seva yenu. Seva ni kompyuta inayotunza kazi zenu zote mahali pamoja. Mutaifikia kwa waya, kila mmoja akiwa kwenye meza yake. Flashi ipumzike."

Jumamosi wakafanya kazi hiyo pamoja. Waliunganisha kompyuta zote tatu kwa nyaya kwenye ruta, kisanduku kinachoziwezesha kuwasiliana. Kompyuta kuukuu wakaipa anwani isiyobadilika, ili zile mbili ziikute palepale kila siku. Ndani yake wakafungua folda ya Sylivia na folda ya Tsongo, kila moja na neno lake la siri. Tsongo aliweza kusoma na kuchapisha kazi za mkewe, lakini si kuzibadilisha wala kuzifuta. Seva wakaiwekea na betri, maana umeme wa Bwera unajulikana. Kisha kila kazi ikapewa majina yote mawili ya mteja, kijiji chake na tarehe.

Tsongo akapumua, akasema basi sasa wako salama.

"Hapana," Ninsiima alimkatiza. "Seva ikiungua, je? Ikiibwa? Kitu mukifuta humo, kimefutika kwa nyinyi wote. Kila jioni nakilini kazi kwenye diski ya pembeni, muichomoe, muiweke kwangu. Na mara kwa mara fungueni nakala moja, muone kama inasomeka. Nakala ambayo hamujaijaribu musiitegemee."

Jumapili, baada ya ibada, Sylivia na Tsongo walikwenda kwa Nyanya. Tsongo alitaka kubaki nyumbani, Sylivia akamwambia avae viatu. Nyanya aliwaacha wasimame mlangoni kwa muda mrefu. Aliwaambia wazi kwamba amekasirika na ataendelea kukasirika. Lakini Jumanne akaja. Alidai kwanza aonyeshwe maneno yake yatakaa wapi, na alipoonyeshwa akauliza nani mwingine anaweza kuyagusa. Sylivia akajibu kwamba hakuna, na simulizi ikaanza upya.

Wiki ya tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya sebuleni ikafa katikati ya sentensi. Nyanya akashika kichwa. Sylivia alihamia chumba cha nyuma, akafungua folda yake kwenye seva. Kurasa zote zilikuwapo. Maneno matano tu ndiyo yaliyopotea, na Nyanya akayarudia.

Kitabu kilikwisha kikiwa na kurasa thelathini na tatu. Cha kwanza kilikuwa na arobaini na moja, na wote wawili walijua. Siku ya mwisho Nyanya alikwama.

"Mama ya nyanya yangu," alisema. "Nilikuambia jina yake ile mara ya kwanza. Uliiandika."

Sylivia alikumbuka siku ile. Alikumbuka hata mvua iliyokuwa inanyesha. Jina hakulikumbuka, ingawa alilichapa kwa vidole vyake mwenyewe.

"Alikuwa Biira," Nyanya akasema. "Hiyo najua. Lakini kila musichana wa pili ni Biira, beko wengi. Biira nani?"

Jina halikuja. Tsongo alisimama mlangoni na karatasi mkononi, hakuthubutu kuingia. Mwishowe Sylivia aliandika Biira, akaacha nafasi ya jina moja, akaendelea na mstari uliofuata.